Tupeane uzoefu: kesi za upelelezi kwenye michezo ya maandishi

Menengai (Nakuru)
Wadau, hamjambo. Uzi huu ni wa wanaocheza ile michezo ya kompyuta isiyo na picha: unasoma, unaandika amri, hadithi inakujibu. Tuzungumzie za upelelezi. Ipi ilikuteka, na kwa nini?

Yangu ni Deadline ya kampuni ya Infocom, mwaka 1982, kazi ya Marc Blank. Tajiri Marshall Robner amekutwa amekufa katika maktaba ya nyumbani kwake, mlango umefungwa kwa ndani, na inaonekana alijiua kwa kumeza dawa kupita kiasi. Wewe mpelelezi una saa 12, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Raha yake ni kwamba watu wa nyumba ile hawakusubiri. Simu ikilia ukiwa bustanini, mazungumzo yamekupita. Mke, mwana, sekretari, kila mmoja ana shughuli zake kwa saa zake. Bila daftari huendi popote: nani alikuwa wapi, saa ngapi, alisema nini. Nikikwama huanza upya na kumfuata mtu mmoja tu kutwa nzima, bila kuhoji, bila kupekua. Hapo nyumba huanza kufunguka. Sijapata mchezo wa picha unaonilazimisha kuwachunguza binadamu namna hii.

Tafadhali, muuaji asitajwe hapa.

ZiwaKuu (Kisumu)
Mimi sioni. Kompyuta hunisomea kwa programu ya NVDA, ambayo ni ya bure. Michezo mingi imenifungia nje, kila kitu ni picha. Hii ya maandishi nacheza sawa na mtu yeyote.

Kaka yangu anaona vizuri. Usiku hapa Nyalenda tunakaa naye kwenye kesi moja, yeye anasoma kwenye skrini, mimi nasikiliza. Mara nyingi mimi ndiye ninayenasa uongo wa shahidi kwanza, maana yeye huruka mistari na mimi hupata kila neno. Kwa kawaida naiendesha sauti mbio sana, lakini shahidi akianza kujibu naipunguza. Tumecheza The Witness ya Infocom, ile ambayo hadithi yake inatokea mwaka 1938 karibu na Los Angeles, na kwa kweli ndugu yangu sasa ndiye anayeniambia nizime tulale.

Mulembe_T (Kakamega)
Laptopu yangu ni kuukuu, bando nanunua kidogo kidogo. Faili za Infocom za miaka ile hazizidi kilobaiti 128, nazifungua kwa Frotz, programu ya kuchezea michezo hiyo, bila shida. Diski ilikuwa na nafasi ndogo kiasi kwamba mahojiano na ripoti ya maabara ya Deadline vilichapwa kwenye karatasi na kutiwa ndani ya boksi. Kwa hiyo anayeanza atafute karatasi hizo azisome kwanza. Kesi nusu iko humo.

Menengai
Kweli kabisa, Mulembe. Na humo kwenye boksi kuna picha ya chumba alimofia Robner, itazame kwa makini.

Mpakani (Busia)
Wadogo zangu walishindwa na amri za Kiingereza, nikaamua kuwatungia kesi ya Kiswahili kwa Twine, programu ya kutungia hadithi za kuchagua. Hapo huandiki amri, unabofya chaguo. Injini ya boti imeibwa ufuoni Dunga, na mshukiwa wa kwanza ni mama muuza omena aliyekuwa wa mwisho kuondoka. Wanaipenda. Tatizo ni kwamba nikiweka chaguo la "kagua wavu", wanajua papo hapo kwamba wavu una siri. Mnaficha vipi?

ZiwaKuu
Mpakani, weka vitu vingi vya kukagua, na kila kimoja kiwe na maelezo ya maana, hata kama hakihusiani na wizi. Halafu orodha ya washukiwa wote ionekane tangu ukurasa wa kwanza, mchezaji aweze kumshtaki yeyote wakati wowote. Akimshtaki yule mama bila ushahidi, kesi imfie mkononi. Ukimaliza nitumie faili, niijaribu na NVDA kabla hujawapa wengine.