Mmeuza nafasi 6 kwa watu 11, kisha mkauza na mzia wa baba yangu

Wakuu, habari za jioni.

Nina hasira na boti iliyotuuzia safari ya kuvua mzia, yule samaki mrefu mwenye meno makali, na sitaificha, lakini kila ninachokisema hapa nilikiona kwa macho yangu na picha zipo kwenye simu. Jina la boti siliweki, wala la mwenyewe. Akisoma atajijua, na waliopanda naye watamjua.

Baba yangu ana miaka 71. Ni mvuvi wa Msimbati, huku Mtwara. Alianza utotoni kwenye ngalawa ya mjomba wake, akamalizia kwenye mashua za watu hadi magoti yalipogoma. Sasa ni mwaka wa sita hajaingia baharini kuvua, na kila akija kwangu mjini hushinda ameketi ufukwe wa Shangani anatazama maji. Kwa hiyo nilipoona tangazo kwenye kundi moja la WhatsApp nikasema huyu mzee nimpeleke. Tangazo lilisema hivi: safari ya siku nzima ya kuvua mzia, boti ya kuchangia, nafasi 6 tu, kila mtu na fimbo yake, barafu, chakula na maji vimo, kuondoka saa 11 alfajiri, shilingi 150,000 kwa kichwa. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: SAMAKI UTAKAYEMVUA NI WAKO.

Nililipa nafasi mbili, 300,000. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Hesabu hiyo fanyeni wenyewe.

Usiku wa kuamkia safari baba hakulala vizuri. Alitoa mshipi wake wa zamani uliozungushwa kwenye kibao, akaukagua pima kwa pima, akasokota waya mpya wa kufungia ndoano. Nikamwambia, baba, watatupa fimbo za kisasa, huna haja ya kubeba hicho. Akanijibu kwamba mvuvi hapandi chombo mikono mitupu. Mama naye alishanunua nazi tatu.

Saa 11 kasoro tulikuwa ufukweni. Boti ipo imefungwa, watu wake hawapo. Nahodha alifika saa 12 na nusu na mafuta hayajatiwa. Tuliondoka saa 1 na dakika 40, jua limeshachoma.

Niseme kwa nini hili si jambo dogo, maana nilipolalamika palepale nilijibiwa "si tunaondoka, mwalimu, tatizo nini?" Ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, siku moja baada ya mwezi mpevu. Siku hizo kwetu maji hujaa alfajiri na kupwa hufika mwisho saa nne kwenda saa tano asubuhi. Mzia anakula mapema, na anapenda kukaa kando ya mwamba pale mkondo wa maji yanayotoka unapowaleta samaki wadogo mdomoni mwake. Baba alinieleza hayo nikiwa mtoto. Kwa hiyo mtu akikuchelewesha saa mbili na dakika arobaini siku ya bamvua, amekuibia nusu ya uvuvi wako kabla hujatupa ndoano. Nahodha wa boti ya kuvulia hawezi kusema hakulijua hilo.

Lakini muda ningeusamehe. Nisichosamehe ni hesabu ya watu.

Tulipofika tulikuwa sita, kama tangazo lilivyosema. Wakati tunasubiri mafuta wakaja wawili. Nikadhani ni mabaharia. Wakaja tena watatu, mmoja dada mwenye mtoto wa kiume wa kama miaka tisa. Wote wamelipa, wote wameambiwa "nafasi 6 tu". Jumla abiria 11, na nahodha na vijana wake wawili tukawa 14 kwenye boti ya faiba ambayo benchi zake ni za watu sita. Jaketi okozi nilizihesabu mwenyewe: 8. Mbili kati ya hizo mikanda imekatika. Nilipouliza, nahodha akasema bahari leo shwari, upepo wa kusi umekwisha, wa kaskazi bado, tusiogope.

Mwaka 2018 MV Nyerere ilizama Ziwa Victoria ikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, na waliokufa walizidi 220. Upepo ndio uliowaua? Watu waliuawa na idadi. Cheti cha chombo kinaandikwa idadi ya abiria kwa sababu hiyo, na TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, hawahimizi jaketi kwa kila kichwa ili kupendezesha boti. Wewe unayepakia 14 kwa jaketi 8, na mtoto yumo, unajua unachokifanya.

Ningeshuka. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikushuka, na jibu ni kwamba baba alishakaa mbele ameshika ukingo wa boti, anatabasamu. Nilichofanya ni kumvalisha yeye jaketi nzima, na nyingine tukampa yule mtoto. Mimi nilikwenda na kurudi bila.

Fimbo zilikuwa 4. Watu 11, fimbo 4. Wakapanga zamu za dakika ishirini. Mwenye zamu anakaa benchi la nyuma, wengine mnajibana popote. Baba yangu, mwenye magoti mabovu, alikaa juu ya deli la barafu kuanzia Shangani mpaka Ruvula, ufukwe wa kule Msimbati, na kila kijana alipotaka maji ya kunywa alimwambia "mzee, inuka kidogo". Mara ya tano nilisimama nikasema huyu hainuki tena. Maneno yakawa makali. Baba akanishika mkono akasema, "Kaa, mwanangu. Tuko majini." Nikakaa.

Tulipokaribia Msimbati wakasimamisha boti na kutangaza kwamba tunaingia eneo la hifadhi, kwa hiyo kila mtu atoe 20,000 ya ada. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ipo tangu mwaka 2000, sisi wa Msimbati tunaishi ndani yake, hakuna asiyejua kwamba kuna taratibu zake. Ada halali nalipa. Ila fedha ya serikali hailipwi mkononi katikati ya bahari. Inalipwa kwa namba ya malipo, na risiti inatoka. Niliomba risiti nikaambiwa nitaipata tukirudi. Mpaka leo sijaiona. Kumi na moja mara elfu ishirini ni 220,000 zilizoingia mfukoni mwa nani?

Sasa mzia wenyewe.

Kuanzia saa tatu tukawa tunarambaza kando ya mwamba, chambo za plastiki zinazometa zinaburutwa nyuma. Mzia anavutwa na kinachometa, hapo hawakukosea. Aliyekula wa kwanza alikula kwa nguvu hadi fimbo ikajikunja, jamaa aliyeishika akapiga kelele, na sekunde tatu baadaye mshipi ukalegea. Ukavutwa: umekatwa safi kama kwa wembe. Wa pili vilevile. Baba akatazama ncha ya mshipi, akamwambia kijana kwa upole kabisa, "Mjukuu wangu, hapa hamna waya. Mzia hashikwi kwa nailoni tupu. Meno yale ni msumeno." Kijana akacheka. Akamwambia, "Babu, hizi ni fimbo za wazungu, siyo mambo ya ngalawa."

Huyo kijana ndiye aliyefunga zile ndoano. Boti inayojitangaza kuvua mzia haikuwa na hata kipande kimoja cha waya, wakati waya unauzwa duka lolote la vifaa vya uvuvi pale mjini. Na kila chambo kilichokatika waliandika 35,000 kwa aliyekuwa kwenye zamu. Vilikatika vitano. Watu wanalipishwa kwa uzembe wa mwenye boti, na bado hawana samaki.

Zamu ya baba ilifika karibu saa nne na nusu. Alikataa fimbo. Alifungua kibao chake, akaomba kibua mmoja kutoka kwenye ndoo ya chambo, akamfunga kwa namna yake: ndoano moja mdomoni, nyingine nyuma karibu na mkia. Mzia ana tabia ya kukata chambo katikati, anachukua nyuma anakuachia kichwa. Asiyejua anavuta vichwa vya vibua siku nzima. Alimwomba nahodha apunguze mwendo. Nahodha alipunguza, nampa haki yake kwa hilo.

Nilikaa karibu na baba nikautazama mshipi unavyopita katikati ya vidole vyake. Hakusema neno. Halafu nikaona kidole kimoja kimekaza, akaachia pima moja, mbili, akavuta mara moja tu. Maji yakapasuka nyuma ya boti na yule samaki akaruka mzima, mweupe kama panga. Wote mle chomboni walisimama, nikaogopa boti italala upande. Baba hakusimama. Alimpa mshipi alipotaka kwenda, akamrudisha alipochoka, viganja vikaanza kuchubuka, nikataka kumsaidia akanitazama tu nikaelewa. Zilipita kama dakika kumi na tano. Alipofika ubavuni kijana akamchoma kwa mti wenye ndoano, wakampandisha. Ulikuwa mzia kweli, mwenye madoa meusi ubavuni, urefu unanifika kifuani.

Yule mtoto wa miaka tisa akapiga makofi. Baba akaniambia, "Mpigie mama yako simu, akune nazi." Simu ilishika mtandao tulipokaribia Msanga Mkuu, nikampigia.

Ndiyo samaki pekee mkubwa aliyepatikana siku ile. Waliobaki walikuwa kolekole wawili wadogo.

Tuliporudi boti haikwenda Shangani. Ilikwenda Feri, wanakouzia samaki. Pale kulikuwa na mtu anasubiri na mzani, maana yake alishapigiwa simu. Deli likafunguliwa, mzia akapimwa kilo 11, bei 9,000, akahesabiwa nahodha 99,000 mbele yetu. Nikauliza, huyo samaki mnamuuza kwa ruhusa ya nani? Nahodha akanijibu: "Samaki ni wa boti, mwalimu. Nyie mmelipia kuvua." Nikamwonyesha tangazo kwenye simu. Akasema hilo tangazo liliandikwa na dalali.

Baba alikuwa amesimama pale na kibao chake mkononi, viganja vinatoka damu. Hakugombana. Alisema neno moja kwa nahodha: "Mngeniambia kabla ya kuondoka." Akatembea kwenda kutafuta bajaji.

Njiani ndipo akanieleza. Kwenye mashua alizofanyia kazi, mtu hapandi bila kujua mafungu: fungu la chombo, fungu la nahodha, la mabaharia, na kitoweo cha kila mmoja kinatolewa kwanza kabla ya mnada. Hata baharia aliyeshinda anafua maji tu, yaani kuyatoa chomboni, harudi nyumbani bila kitoweo. Kuna boti za kitalii ambazo samaki hubaki wa boti, nalijua hilo, na mteja huambiwa mapema akakubali au akakataa. Sisi tuliambiwa kinyume chake, kwa maandishi, kwa herufi kubwa.

Mama alikuwa amekuna nazi zote tatu. Tulikula dagaa.

Ninachodai, na nimeshamtumia mwenye boti ujumbe huu huu: arudishe 300,000, kwa sababu nafasi aliyoniuzia ameiuza mara mbili, 40,000 za ada isiyo na risiti, na 99,000 za mzia wa baba. Sitaki punguzo wala safari nyingine.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Amenijibu. Anasema atanipa "ofa" ya safari ya nusu bei na kwamba naharibu utalii wa Mtwara. Nimekataa. Kuhusu anayeuliza huko chini kwa nini sikuuliza masharti mapema: masharti yalikuwa kwenye tangazo, na nimeyanukuu juu.

NYONGEZA ya pili: Wawili waliokuwa kwenye boti wamenitafuta. Mmoja alilipishwa vyambo viwili, 70,000. Natafuta wengine saba, hasa dada uliyekuwa na mtoto. Nitumie ujumbe. Jumatatu saa 3 asubuhi nakwenda kwa ofisi inayosimamia vyombo vya majini nikiwa na picha za jaketi na za watu 14, na nitahitaji majina yenu chini ya barua.