Eti nirudi kwa viazi karai! Huyu mtaalamu wa SAT amenivunjia heshima mbele ya wazazi wote

Mama_Maweni:
Wanajamvi, mikono inanitetemeka nikiandika. Simtaji, wa Malindi nyote mnamjua. Yule bwana wa grupu la wazazi, ujumbe wake wa sauti ukianza kuusikiliza hapa Malindi unaumaliza uko Mombasa. Kila chuo cha Marekani yeye ana rafiki ndani.

Leo baada ya Alasiri ametuma jedwali la herufi nyekundu: ALAMA ZA KUPITA SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Chuo kimoja kinataka 1850. Kingine 2100. Elfu mbili na mia moja, jamani! Nikauliza kwa adabu, tena nimetanguliza salamu: "Ami, jedwali hili umelitoa wapi, na ni la mwaka gani?"

Akanijibu hadharani: "Bi mkubwa, rudi kwa viazi karai. Mambo ya vyuo waachie waliosoma."

Nirudi kwa viazi karai! Mimi!

SAT ina sehemu mbili, kila moja mwisho wake 800. Jumla 1600. Mimi kazi yangu ni kujumlisha kutwa nzima, sihitaji kalkuleta. Hiyo 1850 mtoto ataitoa wapi, achangiwe na majirani? Binti ya dadangu amepata 1290 kwa kukesha, ameliona jedwali, akafunga kompyuta: "Basi tena, mama mdogo." Na wazazi wenzangu badala ya kuuliza wakammiminia vidole gumba. Rudi kwa viazi karai! Na vidole gumba juu yake!

Kaskazi_Amu:
Huyo! Huku Lamu tuna pacha wake. Yeye alituambia SAT ina kupita na kufeli kama mtihani wa leseni. Haina. Unapewa alama zako, kila chuo kinazipima kivyake.

Mwalimu_wa_Barani:
Pole sana dadangu. Jedwali hilo ni la kale. Kuanzia 2005 hadi mwanzoni mwa 2016 SAT ilikuwa na sehemu tatu, jumla 2400. Huko ndiko 1850 na 2100 zinakotoka. Mtu amekata tarehe, picha inazunguka miaka na miaka na kila anayeituma anaapa ni ya leo.

Na hata jedwali jipya watu hulisoma vibaya. Chuo hutangaza namba mbili, tuseme 1250 na 1430. Wengi hudhani chini ya 1250 mlango umefungwa. Sivyo. Maana yake nusu ya waliojiunga wamo katikati ya namba hizo, robo wako juu, na robo nzima wako chini ya ile ndogo na darasani wanakaa. Tena chuo kisicholazimisha SAT, namba hizo ni za waliopeleka alama tu. Wenye alama ndogo wengi hawakuzipeleka, kwa hiyo zinaonekana kubwa kuliko hali ilivyo.

Mwambie binti aingie tovuti ya chuo chenyewe atafute Common Data Set, ile ripoti ya takwimu za chuo, sehemu ya C9 yenye alama za waliojiunga, na aangalie mwaka kabla ya namba. Hiyo 1290 si ya kufungia kompyuta hata kidogo.

Mama_Maweni:
Asante mwalimu, namsomea sasa hivi. Lakini umeliona neno aliloniambia? Mbele ya watu! Rudi kwa viazi karai!

Simsimu:
Dada, uzi mzima viazi. Umekuja kwa SAT au umekuja kwa ugomvi?

Mama_Maweni:
Nitalitaja mpaka aombe radhi. Na wewe kama ni mpambe wake sema.

Kijana_wa_Watamu:
Hayo ya Marekani ni ya wenye nauli. Sisi tunaliwa na PDF za Telegram, "pointi za KUCCPS za mwaka huu", hao wanaopanga wanafunzi vyuoni hapa Kenya, zinauzwa hata matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, hayajatoka! Pointi za kuingilia kozi ni za yule wa mwisho aliyechukuliwa. Kama hajachukuliwa mtu, umezijuaje? Ndugu yangu kanunua, uuguzi umeandikwa 52. Pointi za klasta, hizo za kupimia kozi, mwisho wake 48!

Kaskazi_Amu:
52 kwa 48! Hao na yule wa 2100 wamesoma darasa moja.

Binti_Gede:
Afadhali nyie mmeuziwa namba. Mimi jamaa wa saiba alinijazia kozi anazozitaka yeye. Nimeomba ualimu, nimeitwa kilimo. Nikimuuliza ananiambia kilimo kina pesa.

Simsimu:
Saiba gani? Ya karibu na soko, yenye pazia la kijani?

Binti_Gede:
Hiyo hiyo!

Simsimu:
Wallahi hao ni majambazi. Nilikwenda kuchapisha barua, stima ikakatika katikati ya ukurasa, wakataka nilipe karatasi nzima.

Kijana_wa_Watamu:
Ukalipa?

Simsimu:
Nikalipa, foleni nyuma yangu ilikuwa inanizomea. Nusu barua ninayo. Kesho naipeleka hapo hapo wanimalizie ile nusu, na silipi hata shilingi.