Nataka kuwapeleka wazazi Aberdare, tulale The Ark na tuone Karuru, nipangeje?

binti_wa_kinangop: Habari zenu wadau, naomba ushauri kwa wanaoijua Aberdare vizuri. Baba yangu amezaliwa huku Nyandarua, ile milima ameiangalia kila asubuhi maisha yake yote lakini ndani ya mbuga hajawahi kukanyaga, na sasa amestaafu anasema kabla miguu haijakataa anataka kuona maporomoko ya Karuru na ile misitu kina Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, walikuwa wakijificha, maana mjomba wake aliingia huko wakati wa Mau Mau. Mama naye ana shida ya magoti na presha kidogo, yeye anataka tu kukaa karibu na moto aone ndovu wakija kunywa maji. Nilikuwa nafikiria tulale The Ark usiku mmoja halafu asubuhi tutoke hapo kwa miguu hadi Karuru turudi kula lunch. Tunatoka na gari ya saloon ya kawaida, Aprili watoto wakifunga shule. Inawezekana?

mtembezi254: Dada, hiyo ya kutoka Ark kwa miguu futa kabisa. Watu wengi hawajui Aberdare ni kama mbuga mbili. Hoteli za The Ark na Treetops ziko kwa Salient, ule msitu wa chini upande wa mashariki, na huko hakuna kutembea, nyati na ndovu wamejaa na vichaka ni vizito, unakutana naye uso kwa uso. Karuru iko juu kabisa kwa nyanda za nyasi, karibu mita 3,000, unaingia na geti la Kiandongoro ukitoka Nyeri ama Mutubio ukipitia Ndunyu Njeru. Kwa hivyo panga siku mbili tofauti, moja ya hoteli na moja ya maporomoko, usijaribu kuzibana pamoja utawachosha wazee bure.

Mama Wawili: Na Aprili tafadhali usiende. Hiyo ndiyo mvua ndefu yenyewe, barabara za huko juu ni za udongo, ikinyesha zinateleza kama sabuni na hiyo saloon itabaki hapo. Ngojeni Agosti watoto wakifunga tena, kutakuwa na baridi na ukungu lakini mvua imepungua, ama Januari na Februari kama si lazima watoto waje. Hata kiangazi kodisha 4x4 yenye dereva anayejua huko, ukigawanya hiyo gharama kwa familia nzima haiumi sana.

binti_wa_kinangop: Asanteni sana, kumbe nilikuwa nimechanganya. Sasa mama na magoti ataona nini, ama tumwache hotelini?

kijana_wa_mweiga: Usimwache! Karuru ina mita 273, inaanguka kwa hatua tatu, lakini huhitaji kushuka bondeni kuiona. Gari inafika karibu, kuna kanjia kafupi halafu majukwaa ya mbao ya kusimama, kwa hivyo mama anaenda polepole na fimbo yake mnampa mkono. Kabla ya kusafiri apite kwa daktari wake amweleze anapanda mita elfu tatu, hiyo si ya kupuuza mtu akiwa na presha. Mimi ningeanza na Ark ndio mwili uzoee, iko chini zaidi, halafu kesho yake mpande. Ark nayo mama ataipenda, imejengwa mfano wa Safina ya Nuhu, anakaa ndani kwa joto anaangalia ndovu na nyati wakilamba chumvi hapo chini, na mnyama mkubwa akija usiku kengele inalia mnaamka. Kuna pia chumba cha chini kabisa chenye madirisha madogo, ukikaa kimya nyati anapita karibu unasikia pumzi yake. Mwache mzee akae hapo.

mtembezi254: Kwa historia, mwambie mzee Treetops ya kwanza ilijengwa juu ya mti wa mugumo 1932, Elizabeth alikuwa hapo Februari 1952 baba yake alipofariki akawa malkia wa Uingereza, na 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakaichoma. Hiyo ya sasa ilijengwa baadaye. Akiwa na uchungu wa mjomba wake hizo ndizo stori atataka kuskia, na ranja wazee wa huko wanazijua, mpate mmoja mpole mumwache aongee naye.

binti_wa_kinangop: Nimetokwa na machozi kusoma hiyo, asante. Tumeamua Agosti, 4x4, Ark kwanza. Baba sasa ameanza kutaja Satima, nimwambieje?

Mama Wawili: Satima ndiyo kilele cha juu kabisa cha Aberdare, mita 4,001, ni siku nzima ya kupanda, na upepo wa huko si mchezo. Mwambie tu ukweli kwamba safari hii ni ya mama pia. Badala yake mpeleke Chania, maporomoko mazuri na hayako mbali na barabara, atatembea kidogo ashibe. Muwe na ranja mwenye bunduki mkitoka kwa gari, mnamlipia, na ada zote za KWS, shirika la wanyamapori, mlipe kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, kabla maana getini hawachukui pesa taslimu. Kila mtu abebe kitambulisho, jaketi nzito, na mzee apate viatu vinavyoshika, si zile za kanisani.