Mashine ya kulisha samaki: nasafiri siku 16, ninunue ya betri au ya kuunganisha na simu?

mama_vioo (Mbezi, Dar)

Habari za leo wadau. Nina tangi la lita 120, ndani wamo mbuna (wale samaki wadogo wa miamba ya Ziwa Nyasa) kumi na wanne, wa manjano na wale wa bluu wenye milia. Sisi Wachagga Desemba hatuulizwi tunakwenda wapi. Tarehe 18 napanda basi kwenda Marangu, narudi Januari 3.

Mwaka jana nilimwachia mtoto wa shangazi. Nikamwonyesha kijiko, nikamwambia kidogo asubuhi, kidogo jioni. Akawaonea huruma. Niliporudi maji yalikuwa kama ya kuoshea mchele, harufu imeshika mapazia ya sebuleni, samaki sita wameelea. Kopo la chakula ambalo mimi hunipeleka miezi minne alikuwa amelimaliza na kulisuuza. Sikumgombeza, maana alikuwa analia kuliko mimi, lakini safari hii sitaki mkono wa mtu.

Nimeona mashine mbili. Moja ina kingoma cha plastiki kinachozunguka, inatumia betri mbili ndogo kama za rimoti, wanataka elfu 55. Ya pili inachomekwa kwenye umeme na inaunganishwa na simu, elfu 140. Muuzaji ananiambia nitakuwa nawalisha huku nimekaa mgombani. Nisaidieni kabla sijashawishika.

kaka_njiro

Chukua ya simu dada. Mimi ninayo hapa Arusha mwaka wa pili, nabonyeza tu nikiwa kazini. Dunia imehama.

mzee_raskazone (Tanga)

Dada, nafuga samaki wa mapambo tangu 1998 na mashine za kulishia nimeshazika tatu. Kabla hatujafika kwenye bei, rudi kwanza kwenye msiba wako. Wale sita waliuawa na shibe. Chakula kisicholiwa kinaoza, kinatoa amonia ambayo ni sumu kwao, na filta ndogo haiwezi kuisafisha yote. Basi fikiria mashine kwa jicho hilo: ikikwama isitoe chakula, samaki watakonda kidogo. Ikikosea ikatoa kingi, umemrudisha mtoto wa shangazi kwa umbo la plastiki.

Umewahi kumtazama jike la mbuna mwenye mayai? Anayabeba mdomoni. Kidevu kinamvimba, anajibanza nyuma ya mawe, chakula kinapita mbele ya pua yake na hakigusi. Hukaa hivyo takriban wiki tatu mpaka vitoto vitoke. Anatoka kakonda, lakini mzima. Sasa hao wengine uliowanenepesha, siku 16 wakila nusu ya kawaida yao, watashindwaje? Ingekuwa siku tano ningekwambia usinunue kitu, waache na njaa yao. Vitoto vidogo ndio hawawezi. Hao wanataka kula mara kadhaa kwa siku.

Ya simu iache. Umeme ukikatika na modemu inazima, kisha mashine nyingi za namna hiyo zikiwaka tena saa yake imepotea. Ndugu yetu wa Njiro anarudi nyumbani jioni, akikuta imejichanganya anairekebisha. Wewe utakuwa mgombani. Nunua ya betri, na betri zenyewe ziwe alkali, mpya, utie siku mbili kabla ya safari. Zile za bei ya chini huanza kwa nguvu halafu kingoma kinasimama katikati ya mzunguko, tundu likitazama chini. Hiyo ndiyo iliyoniulia ile mashine ya pili, pamoja na samaki tisa.

Adui mwingine ni mvuke. Sisi wa pwani hatuhitaji hita. Desemba maji ya tangi yanafika nyuzi 29 hata 30 yenyewe, na mvuke unapanda moja kwa moja kwenye kile kitundu cha mashine. Chakula cha vipande vyembamba kinanyonya unyevu kinakuwa ugali. Tia punje, za milimita moja hivi, na kwa mbuna ziwe za mimea mimea, maana hao kwao ni kugugunia mwani wa miamba ya Ziwa Nyasa. Wakizidishiwa nyama wanavimba matumbo. Mashine isikae juu ya mapovu ya pampu ya hewa wala mahali maji ya filta yanaporudi. Iweke kona ya mbali.

Nunua mapema ili uipime. Tia punje mpaka nusu ya kingoma, tandaza karatasi nyeupe chini yake, bonyeza kitufe cha kulisha mara kumi na kila mara hesabu. Ndiyo, hesabu moja moja, vaa miwani. Yangu ya sasa inatoa 38, kisha 45, kisha 31, kisha 60. Ndivyo zilivyo zote, na kingoma kikijaa sana hutoa kingi zaidi. Usichukue wastani. Chukua ile 60, kisha punguza kilango cha tundu la chakula mpaka mlo mkubwa kabisa usizidi nusu ya wanachokula kwa siku. Lakini usikibane kupita kiasi, punje zikikosa nafasi zinasongamana mlangoni. Weka mara moja kwa siku, asubuhi. Halafu iache ilishe wiki nzima wewe ukiwepo, na mikono yako mfukoni.

bi_nyali (Mombasa)

Mzee asema kweli kuhusu unyevu. Mie yalinikuta na samaki wa dhahabu. Nilijiona mjanja, nikachukua kile kifuko kidogo kinachokuja kwenye sanduku la viatu, cha kunyonya unyevu, nikakitia ndani ya kingoma pamoja na chakula. Siku ya tatu kikaziba tundu. Narudi kutoka Lamu siku ya kumi, kingoma kimejaa vile vile nilivyokiacha. Samaki wote wazima, wanitazama kwa hasira tu. Kile kifuko mahali pake ni ndani ya kopo la akiba, si ndani ya mashine.

Na dadangu, usidanganywe na samaki anayeomba. Wa dhahabu hana tumbo la kuweka akiba ya chakula kama sisi, kwa hivyo ukipita tu mbele ya kioo aja mbio. Si njaa hiyo, ni tabia. Mume wangu alikuwa akimlisha kila akipita kwenda jikoni.

mama_vioo

Mzee shikamoo. Nimesoma mara mbili, nimecheka na nimeumia. Bi Nyali asante. Maswali mawili: vile vidonge vyeupe vya likizo vinavyowekwa tangini vikayeyuka polepole, mnavionaje? Na je, nizime taa na filta ili kupunguza umeme? LUKU yangu sina uhakika nayo.

mzee_raskazone (Tanga)

Marahaba. Vidonge achana navyo. Ni kama chokaa iliyochanganywa na chakula. Kinaanguka chini wakitaka wasitake, na wewe huwezi kukisimamisha.

Filta usizime hata saa moja! Kinachosafisha amonia ni bakteria waliomo kwenye sponji, na wanaishi kwa oksijeni ya maji yanayopita. Maji yakisimama saa nyingi wanaanza kufa, na filta ikiwaka inamwaga uchafu wake tangini. Piga hesabu ya LUKU mwenyewe. Filta yako ikiwa ya wati 12, saa 24, siku 16, ni kama uniti 4.6. Pampu ya hewa ya wati 4 ni uniti 1.5. Taa ya wati 18 kwa saa sita kila siku ni 1.7. Haifiki uniti 8 zote pamoja. Ongeza za friji kama huizimi, kisha ongeza nyingine za usalama. Nimewahi kusikia mtu analaumu mashine ya kulishia kumbe uniti ziliisha siku ya nne.

Kama una hela iliyobaki baada ya kununua ile ya elfu 55, nunua pampu ya hewa yenye betri yake, ile inayojiwasha umeme ukikatika. Maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi, na mbuna kumi na wanne katika lita 120 wanapumua.

Maji badilisha siku mbili kabla, karibu nusu, ukiwa bado upo uone yanavyokaa. Na kama filta yako ni ya kuning'inia pembeni, jaza tangi mpaka juu. Kwa joto hili maji yanapungua, yakishuka chini ya mdomo wa bomba filta inanyonya upepo. Kifuniko cha kioo kinasaidia, ila kinarudisha mvuke wote kwenye kona ya mashine, kwa hiyo acha uwazi hata wa kidole upande wa pili. Hapo unachagua hasara ndogo.

kaka_njiro

Mzee umenifanya nikaangalie modemu yangu. Ila samaki wangu bado wazima, nisiwekewe maneno.

mama_vioo

Heri ya mwaka mpya. Nimerudi jana usiku, nikapita na begi mgongoni moja kwa moja kwenye tangi.

Wote kumi na wanne wapo. Maji yameshuka kama vidole vitatu, lakini ni maangavu kuliko nilivyoyaacha. Mwani wa kwenye mawe wameukwangua mpaka mawe yamebadilika rangi. Jirani anasema umeme ulikatika mara kadhaa, mara moja tangu mchana mpaka usiku. Pampu ya betri niliikuta inafanya kazi vizuri.

Mashine sasa. Nilihesabu kama mzee alivyoagiza (mume wangu alidhani nimeanza biashara ya ulezi). Mlo mkubwa ulikuwa punje 52, nikapunguza kilango mpaka 30. Nilipokifungua kingoma jana, pembeni ya tundu punje zimegandamana kama kashata, na uwazi umebaki nusu. Nilipobonyeza zilitoka 11. Kwa hiyo siku za mwisho wamekula kidogo sana, sijui tangu lini. Ningekuwa nimeijaza chakula cha vipande nadhani ingeziba kabisa wiki ya kwanza. Safari ijayo nitaigeuza ikae upande wa uwazi wa kioo.

Mtoto wa shangazi alikuja leo asubuhi kusalimia. Akaitazama mashine ikizunguka, akaniuliza, "Hizo ndizo chache ulizokuwa unasema?"

Mzee, kuna jambo moja. Mmoja wa manjano kidevu kimemvimba, yuko nyuma ya mawe, nimetia chakula hakuja. Nimhamishe kwenye ndoo peke yake au nimwache?

mzee_raskazone (Tanga)

Mwache hapo hapo, ukimfukuza na wavu anaweza kuyatema. Andika tarehe ya leo kwenye kioo kwa kalamu. Ikifika wiki ya tatu ndipo umtafutie chombo chake, na hapo ndipo utahitaji kulisha mara nne kwa siku, kwa mkono.