Naombeni ushauri: aliye likizo ya uzazi bado anaingiza miamala kwenye mfumo

BintiKongwa: Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Nina miezi mitatu kama mkaguzi wa ndani wa saccos moja hapa Dodoma mjini. Hesabu zote ziko kwenye kompyuta. Urari uko sawa (debiti na krediti zinalingana), salio la benki linalingana na vitabu, ila nimekuta miamala ya mwezi uliopita ina jina la mhasibu aliyeko likizo ya uzazi. Kuuliza, naambiwa nywila yake iko kwenye karatasi chini ya kibodi, "tunasaidiana tu." Meneja anataka nichapishe leja, niweke tiki, nimalize. Nianzie wapi bila kuonekana nimekuja kuwinda watu?

ZabibuChachu: Chini ya kibodi nyie mna siri. Kwetu imebandikwa ukutani pembeni ya kalenda.

MzeeAreaC: Marahaba binti. Leja iache kwanza. Inatoka kwenye mfumo uleule unaoutilia shaka, sasa tiki yako itathibitisha nini? Omba orodha ya watumiaji wote na ruhusa zao, ilinganishe na orodha ya mishahara. Watu huacha kazi, majina yao hayaachi. Halafu tazama nani anaweza kuandaa malipo na kuyaidhinisha yeye mwenyewe. Kumbukumbu za mfumo, yaani nani aliingia lini na akafanya nini, usikubali kuletewa kwenye Excel; kaa na fundi azitoe ukiona, maana Excel mstari unafutika kama ubao. Niliwahi kukuta mkopo umeidhinishwa saa nane usiku. Aliyeidhinisha hana hata kompyuta nyumbani.

Mtoza_Hoja: Nyongeza: usije ukaingia kwa nywila ya huyo mama ili "kuhakikisha". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haitakuuliza nia yako ilikuwa njema kiasi gani. Piga picha karatasi, andika tarehe, basi.

ZabibuChachu: Na bakapu waambie wairejeshe mbele yako, kwenye mashine nyingine. Yetu ilikuwa kwenye flashi, flashi ndani ya droo chini ya seva. Paa likavuja.

BintiKongwa: Ripoti nimpe meneja?

MzeeAreaC: Nakala apate. Ila ipeleke kamati ya usimamizi, ndiyo kazi yao. Hata COASCO, shirika la serikali la kukagua vyama vya ushirika, wakija watauliza hayohayo.

BintiKongwa: Mrejesho. Orodha nimeipata leo, fundi kanuna lakini katoa. Wafanyakazi tuko 9, majina kwenye mfumo ni 14. Moja linaitwa "jaribio", na lina ruhusa zote.