Raba za soli nyembamba zimeniua vigimbi: niendelee au niziuze?

DagaaMkavu

Wakuu, habari za jioni. Nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Umri 44, kilo 83. Nilianza kukimbia mwaka jana baada ya presha kunitisha, na sasa nimejipa nia ya nusu marathoni ya Rock City. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi saa kumi na moja alfajiri natoka Kirumba naelekea Pasiansi na kurudi, kabla mizigo haijaanza kushuka.

Kilichokuwa kinanisumbua ni goti la kulia, hapo chini ya pia. Kijana mmoja ninayekimbia naye akanirekodi kwa simu kutokea ubavuni, tukatazama chini ya taa ya kituo cha mafuta. Niliona aibu. Mguu unatangulia, mwili uko nyuma, kisigino kinaigonga lami kwanza na kidole gumba kinatazama mbinguni. Utadhani nimeona punda katikati ya barabara nafunga breki. Kijana akasema: "Mzee, hicho kisigino kinene cha kiatu ndicho kinakudanganya. Vaa soli nyembamba, mguu utatua na mbele ya wayo wenyewe."

Nikazunguka mitumba ya Mlango Mmoja siku mbili, nikapata raba unazikunja kama chapati, nyuma na mbele kimo kimoja. Nilibishana mpaka 35,000. Alhamisi nikazivaa nikapiga njia yangu yote, simu ikaandika kilomita 7.8. Wakuu, nilipaa! Nikakumbuka utoto wangu Nansio, kisiwani Ukerewe, tulivyokuwa tunakimbia pekupeku kwenda shule tukigombania nani awe Nyambui, yule wa Majita aliyerudi na medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980.

Ijumaa ngazi nilishuka kinyumenyume. Vigimbi vilikuwa mawe. Wateja wakauliza nimekamatwa na nani. Nikapumzika siku nne, nikarudia mara mbili, umbali ule ule. Vigimbi vimeachia, ila sasa juu ya wayo wa kushoto, nyuma ya kidole cha pili na cha tatu, kuna uchungu hauondoki. Goti ndilo limetulia, ajabu.

Je, nivumilie mwili utazoea? Na mguu uliokua bila kiatu unakataaje leo kukanyaga kama zamani?

JiweLaBismarck

Punda wa barabarani ni wewe mwenyewe mkuu 😂 Ngoja waje wenye fani.

MwalimuNyegezi

Pole kaka. Kabla ya yote, fanya hivi sasa hivi: kaa, vua kiatu, bonyeza huo mfupa kwa ncha ya kidole kimoja. Kama uchungu umetawanyika, unaweza kuwa misuli na kano. Kama kuna sehemu moja ndogo, ukiigusa tu unaruka, usikimbie tena hata mita mia. Huko ndiko mifupa mirefu ya wayo inakopata nyufa ndogo za kuchoka, na watu waliohamia soli nyembamba kwa pupa wanazipata sana. Nenda hospitali. Ujue pia kwamba eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo inaweza kutoka safi na ufa upo, kwa hiyo usishangilie mapema.

Goti kutulia si ajabu. Ukitua na mbele, mzigo haupotei, unahama. Goti linapumua, kinachobeba ni kano ya nyuma ya kisigino, vigimbi na hiyo mifupa ya wayo. Wewe umewakabidhi gunia vibarua ambao hawajabeba kitu miaka thelathini, halafu siku ya kwanza ukawapa kilomita karibu nane kwenye lami.

Mimi kuzoea raba za soli nyembamba kulinichukua miezi saba. Mwezi mzima nilizivaa kwa kutembea tu, sokoni na darasani (wanafunzi waliniita "Mwalimu Soksi"). Kisha dakika tano za kukimbia kwenye uwanja wa majani, tena mwisho wa zoezi, baada ya hapo navaa za zamani narudi nyumbani. Kila wiki naongeza dakika mbili tatu. Wiki ambayo kano iliamka imekakamaa asubuhi sikuongeza, mara mbili nilirudi nyuma. Kila jioni nilisimama kwenye ngazi kwa ncha za miguu, napanda, nashuka polepole, mara kumi na tano. Hata leo nikishuka mlima Capri Point navaa zenye soli nene, sina wa kumthibitishia kitu.

Halafu, una hakika ulikuwa unatua na mbele? Wengi wakivaa nyembamba wanaendelea kutua na kisigino vile vile, sasa bila godoro. Jihesabu kwanza. Mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde thelathini?

FundiMakoroboi

Mimi nashona viatu, sikimbii, ila soli nazisoma. Raba nyingi za mbio zinazokuja kwangu zimelika pembe ya nje ya kisigino, na mwenye nazo anaapa anatua na mbele. Zako za zamani zikoje? Leta picha.

Raba nyingi za kawaida nyuma imeinuliwa kuliko mbele kama milimita kumi. Ukishuka mpaka sifuri kwa siku moja, kila hatua kano inavutwa zaidi ya ilivyozoea. Tafuta ya katikati, yenye nne mpaka sita, vaa hiyo kwanza. Na tafadhali usinilete nikunyoee kisigino cha raba nene. Wameshaniomba, nimekataa. Ukishakata ile soli ngumu ya chini, ndani ni sponji laini, inabonyea upande mmoja, unakuja kunidai mguu.

BabuWaMchakamchaka

Nataka kupinga kidogo. Kutua na kisigino si dhambi. Watu hupenda kumtaja Mwethiopia Abebe Bikila, kwamba alishinda marathoni ya Roma 1960 pekupeku kwa saa 2:15:16. Hawaendelei kusema kwamba Tokyo 1964 alivaa viatu, akakimbia 2:12:11.

Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walionyesha kwamba wakimbiaji wa Kenya waliokua pekupeku hutua zaidi na mbele ya wayo. Dunia ikanunua raba nyembamba. Mwaka 2013 wengine wakawapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu wasiojua kiatu, na katika mwendo wao wa kawaida wengi walitua na kisigino. Walipoongeza kasi ndipo kisigino kikapungua. Sasa pekupeku halisi ni yupi? Na Vibram, wenye zile raba za vidole vitano, mwaka 2014 walikubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja kuhusu faida walizozitangaza, bila kukiri kosa.

Kosa lako ni mguu kutangulia mbele ya mwili. Hilo linatengenezeka kwa kiatu chochote, fupisha hatua.

DagaaMkavu

Mwalimu, nimebonyeza. Nimeruka. Kesho hospitali.

Hesabu nimeitoa kwenye ile video ya zamani: kulia 39 kwa sekunde thelathini. Fundi, zangu za zamani zimelika pembe ya nje kama ulivyosema, umenisoma kama mganga.

Nikipona, vipi nianze pekupeku kwenye mchanga wa Malimbe, pale maji yanapokomea? Laini, na asubuhi hakuna watu.

MwalimuNyegezi

39 ni hatua 156 kwa dakika. Ukiwa mzima, mwendo ule ule, lenga 41. Mbili tu zaidi. Hatua itajifupisha na mguu utarudi chini ya mwili, huna haja ya kuukunja wayo kwa makusudi. Nina hakika ulikuwa unajilazimisha kukimbia kwa vidole kama mwizi.

DadaWaMaabara

Hapo maji yanapokomea hapana! Kichocho kinaingia kupitia ngozi ukiwa ndani ya maji, hata ya kifundo, huhitaji kidonda. Mazingira yenye magugu na konokono ndiyo mabaya zaidi. Mchanga mkavu wa juu afadhali, ila angalia ndoano na miiba ya sangara, na pasipo vyoo kuna minyoo ya safura. Uwanja wa mpira, tena na raba.

BabuWaMchakamchaka

Na mchanga laini unazamisha kisigino, kano inavutika kuliko kwenye lami. Wewe vigimbi vyako ndiyo kwanza vimeachia.

DagaaMkavu

Nimerudi wakuu. Eksirei ya kwanza safi, kama Mwalimu alivyotabiri, lakini daktari alibonyeza pale pale akakataa kuniachia. Wiki sita bila mbio, kiatu cha soli ngumu, kisha picha nyingine. Baiskeli ameruhusu, kwa hiyo Pasiansi naenda kwa baiskeli, wenzangu wananipungia mkono. Rock City ya mwaka huu basi.

Kuhusu Nansio nimempigia mama. Amecheka. Anasema shule ilikuwa nyuma ya mwembe wa jirani, tulikuwa tunakimbia dakika tano halafu tunakaa kutwa nzima.

Raba nyembamba zimetundikwa msumarini gengeni. Jana mteja kutoka Geita ameziona, anatoa 40,000. Nimemuuliza kwanza anahesabu ngapi kwa sekunde thelathini. Hakunielewa, amesema atapita Jumamosi.