MREJESHO: Programu yangu ya hesabu za dagaa sasa inafanya kazi

Wakuu, salaam kutoka Kigoma. Mwezi uliopita nililia hapa: programu yangu ya hesabu za dagaa, pale mwaloni Kibirizi, ilibeba vifurushi zaidi ya 300 (vipande vya msimbo vilivyoandikwa tayari na watu wengine), msimbo wangu wenyewe karibu wote umeandikwa na akili mnemba, na sasisho moja likaizima asubuhi ya mzigo.

Nilimfuata aliyesema "futa, anza na Python tupu", yaani lugha ya programu ya Python bila vifurushi vya nje. Leo ni faili mbili tu: ya msimbo, na ya SQLite, hifadhidata ndogo ambayo Python inakuja nayo yenyewe. Mtandao ukikatika, kazi inaendelea. Kosa moja lilinila siku tatu: kilo 0.1 jumlisha 0.2 ilileta 0.30000000000000004! Sasa nahifadhi gramu kwa namba nzima. Hilo nililisaka mwenyewe kwa daftari na kalamu.

Palipogoma ni ripoti. Bosi anataka Excel, Python tupu inatoa CSV (jedwali la maandishi matupu yaliyotengwa kwa mkato), naye hataki hata kuisikia. Nimerudisha kifurushi kimoja, openpyxl, cha kuandika faili za Excel (nacho kikaja na mwenzake, ndiyo tabia yao). Akili mnemba bado naiuliza maswali, ila siiachii kuandika.

Asanteni sana, hasa wewe uliyenikaripia.